Mwite, Kisha Umwachilie

Wodi ya Kifua, Nakuru
8 Machi 1976

Mama mpendwa,

Nimefika salama. Kitanda changu kiko karibu na dirisha, na dirisha linakaa wazi mchana na usiku kwa amri ya daktari, kwa hiyo nalala na sweta mbili na bado meno yanagongana. Sindano ni kila asubuhi. Mwambie Munyoki akirudi na lori kutoka Mombasa asianze kuhangaika, mume wangu namjua, atataka kuja huku na mzigo wa watu mgongoni.

Sasa habari za Bosko. Nilikuachia mbwa bila maelezo kwa sababu gari la hospitali lilikuwa linapiga honi pale nje. Mama, Bosko si mbwa wa kulinda mlango. Wale wazungu wa Naivasha niliowapikia kabla sijaolewa walimfuga mama yake kwa kazi moja tu, kuingia ziwani na kuleta bata waliopigwa risasi. Akiona maji, hata ya kufulia kwenye beseni, anataka kulala ndani. Kwa hiyo usimzuie kwenda kwenye lile bwawa la kwari, pale mawe yalipochimbwa. Mfungulie asubuhi, aogelee, kisha umwite.

Akiwa nchi kavu anasikia jina lake. Akiwa majini hasikii jina, anasikia mluzi peke yake, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Najua unavyouona mluzi kwenye mdomo wa mwanamke, Mama, lakini hakuna njia nyingine niliyomfunza.

Na hili ndilo kubwa. Akija, mpe kitu kidogo, kipande cha mapafu au ngozi ya samaki, kisha mwambie "nenda" arudi majini. Mwite tena, mpe, mwachilie. Ile mara ya mwisho tu ndiyo unamleta nyumbani. Ukimwita ili umfunge, siku ya pili hatakuja, na hatakuwa amekosea.

Nisalimie majirani, hasa Nduta.

Ni mimi,
Khavere

Baba Dogo, Nairobi
17 Machi 1976

Kwa mke wa Munyoki,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa hasira. Mimi, mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha kichwa, nisimame kando ya bwawa nipige mluzi kama mchunga mbuzi? Sitafanya. Mama mkwe wangu alinifunza kwamba mwanamke akipiga mluzi anaita shida mlangoni kwake, na hata kama si kweli, sitaki niwe mimi wa kujaribu. Wewe nilikuvumilia kwa sababu watu wa kwenu sijui mnafunzwaje.

Mbwa ana jina, nami nina sauti. Nimemwita kwa jina. Jumatatu alinitazama vizuri, akatingisha mkia, akanipa mgongo na kupiga mbizi. Jumanne hakutosheka na bwawa, akateremka mpaka mtoni, pale maji ya kiwanda cha nguo yanapomwagika. Aliporudi saa kumi alikuwa na rangi ya samawati kuanzia shingoni mpaka mkiani. Halafu akajitikisa katikati ya nguo za Nduta zilizoanikwa, zile mitumba anazofua kabla ya kuzipeleka sokoni Gikomba. Nduta alicheka. Mimi sikucheka.

Nikamfunga. Alipofungwa alilia kutwa nzima, kilio cha mtu aliyefiwa. Kabiru, yule anayetuangalizia nyumba kwa niaba ya mwenye ploti, akaja kugonga. Akaniambia, "Mama, hawa watu wa shifti ya usiku wanalala saa ngapi? Nyamazisha yeye ama atoke hapa." Kwa hiyo nikimfunga nina kesi, nikimfungulia nina kesi.

Lakini usitie moyo wako mashaka. Nimelea wana watatu, mbwa hawezi kunishinda. Wewe meza dawa zako, na kifua ukifunike.

Mama Munyoki

Wodi ya Kifua, Nakuru
28 Machi 1976

Mama mpendwa,

Nimecheka hadi muuguzi akaja kuuliza nani ananiua. Bosko wa samawati! Nimewasomea wenzangu wodini, na mama mmoja wa Elburgon anasema akitoka hapa atakuja Baba Dogo kumwona kwa macho yake.

Lakini Mama, nakuomba usiudhike nikikueleza. Ulimwita Jumatatu ukiwa na kamba mkononi, sivyo? Yeye anaiona. Kwake jina lake sasa maana yake ni "mchezo umekwisha." Ni kama mtu akiniita kutoka chumbani na kila nikienda napewa sufuria za kuosha. Kesho yake nitajifanya nimelala. Acha kamba nyumbani. Mwite wakati huna haja naye, umpe kitu, umrudishe kwenye raha yake. Hiyo ndiyo siri yote, na huchukua siku nyingi kidogo.

Mimi naendelea vizuri sana. Kikohozi kimepungua. Daktari anasema mwezi wa tano nitakuwa nje. Mama yangu ameniandikia kutoka Maragoli, anauliza kama nikitoka nitapita kwake nipumzike kwanza, kwa sababu nimekatazwa kazi nzito. Sijamjibu. Nilitaka kujua wewe unasemaje.

Khavere

Baba Dogo, Nairobi
9 Aprili 1976

Kwa mke wa Munyoki,

Nimefurahi kusikia kikohozi kimepungua. Mungu ni mwema.

Kuhusu mama yako, mwambie nimemsalimu. Lakini mke akitoka hospitali hurudi kwa mumewe. Watu wataulizana kama tumekufukuza, au kama wewe ndiye uliyetoroka. Utapumzika hapa. Mimi nitapika.

Kuhusu Bosko usiwe na wasiwasi wowote. Amekuwa mbwa mzuri. Anaenda kwenye bwawa asubuhi, namwita, anakuja. Hata sipazi sauti. Sauti yenyewe imekauka kidogo, lakini hayo ni mafua ya mvua hizi. Kamba sasa naziweka tu ndani ya nyumba, ile ya tatu ni nzuri kuliko mbili za kwanza, lakini haina kazi kwa maana mbwa anakuja mwenyewe.

Ukisikia mtu akisema vingine, usimsikilize. Watu wa ploti hii wana midomo. Kula vizuri, na ulale.

Mama Munyoki

Baba Dogo
14 Aprili 1976

Sasa Khavere?

Ni mimi Nduta wa mlango wa pili. Najua wewe mgonjwa na hutakiwi kuambiwa mambo ya kushtua, lakini mimi nikinyamaza na kitu kitokee, utakuja kuniuliza "Nduta, na wewe ulikuwa wapi?" Kwa hivyo wacha niseme.

Mathe, mama mkwe wako, anakudanganya. Si kwa ubaya. Ati anasema daktari alikataza usipewe mawazo. Lakini Bosko hayuko nyumbani. Leo ni siku ya nne. Alikata kamba ya tatu, akaenda kwarini, na huko ndiko ameamua kuishi. Unajua yale mawe yaliyobaki katikati ya bwawa? Hapo ndipo kwake sasa. Mathe akitokea na kamba, jamaa anaogelea mpaka kwenye mawe, anakaa anamwangalia. Mathe anaita "Bosko! Bosko wee!" asubuhi na jioni, mpaka sauti imeisha kabisa. Jana alinisalimia nikadhani ni mwanaume.

Sasa ile mbaya. Kuna mbwa mwenye kichaa alimuuma mtoto huko ng'ambo ya mto. Chifu ameita baraza. Mbwa wote wachanjwe, na mbwa yeyote asiyefungwa wala kumtii mwenyewe atapigwa risasi. Siku yetu ni Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe ishirini na nne. Anayeshika bunduki ni askari mmoja anaitwa Dubow. Si mtu mbaya, lakini akitumwa anatumika. Ameshaonyeshwa yale mawe ya kwarini.

Nimejaribu kumpigia mluzi ule wako, haki ya Mungu, lakini meno yangu ya mbele yameachana, hewa inatoka tu. Kabiru anajua kupiga, lakini Kabiru ndiye alimpiga Bosko na fimbo ya ufagio, sasa hata akiimba kama malaika mbwa hamwendei. Munyoki bado yuko barabara ya Mombasa na lori limeharibika Mtito Andei. Mathe ndiye anampa chakula, ndiye mbwa anamjua. Ni mathe tu. Na mathe hapigi mluzi. Nimemwambia, akaniuliza kama nimekunywa.

Mwandikie wewe. Mwandikie leo.

Nduta

Wodi ya Kifua, Nakuru
19 Aprili 1976

Mama,

Nduta ameniambia yote. Usimkasirikie.

Umenidanganya kwa sababu unanijali, naelewa. Na mimi nimekudanganya kwa sababu hiyo hiyo. Kikohozi hakikupungua. Nilitema damu siku moja kabla ya kukuandikia ile barua ya kucheka. Daktari hakusema mwezi wa tano, alisema mwezi wa nane, kama mwili utakubali. Sketi niliyokuja nayo sasa naifunga kwa pini. Nilificha kwa sababu niliogopa utamwambia Munyoki, na Munyoki ataacha lori barabarani aje, na atafutwa kazi. Basi, sasa tuko sawa, hakuna mwenye deni kwa mwenzake.

Mama, siku nilipoingia hapa sikulia. Walipomtoa mama wa Elburgon wakiwa wamemfunika shuka sikulia. Niliposoma barua ya Nduta nimelia mpaka nikapewa kidonge. Najua ni mbwa. Lakini huko nyumbani yeye peke yake ndiye ananijua tangu kabla sijawa mke wa mtu. Usiku nikishindwa kulala nawaza niko kando ya bwawa, napiga mluzi na yeye anatoka majini, anakuja akijitikisa. Hapo ndipo napata usingizi. Sasa nikifumba macho naona bunduki.

Sikulazimishi. Nakuomba. Mluzi mmoja mfupi, na mmoja mrefu. Weka vidole viwili chini ya ulimi ukishindwa na midomo. Nenda saa ambayo hakuna mtu, hata alfajiri. Kamba usiibebe.

Leo ni Jumatatu ya Pasaka na posta imefungwa. Barua hii itaondoka kesho. Sijui kama itakuwahi.

Khavere

Baba Dogo, Nairobi
Jumamosi, 24 Aprili 1976

Khavere,

Kama uliniandikia tena, barua yako bado haijafika. Sisi huku tangu Pasaka hatujamwona mtu wa posta. Kwa hiyo nayaandika haya bila kuambiwa na mtu.

Kwanza: barua yangu ya tarehe tisa ilikuwa uongo kuanzia Bosko mpaka mafua. Pili: mbwa wako yuko hai. Yuko hapa mlangoni, amelala juu ya kiatu changu, ananuka vyura. Sasa unaweza kuketi ukasoma mengine polepole.

Nilikwenda kwarini saa mbili. Nilidhani nitakuwa mapema, kumbe nusu ya Baba Dogo imefika kabla yangu. Watu wanapenda kuona kitu kikifa. Kabiru alikuwepo na kamba mpya begani, ameninunulia mwenyewe, labda ni roho inamsuta kwa ile fimbo. Dubow alikuwa amesimama upande wa jua na bunduki yake, mtu mrefu, mpole wa uso. Na juu yake, kule kwenye njia ya kanisa, walikuwa wanapita akina mama wenzangu wa maombi, wote na vitambaa vyeupe, mwenyekiti wetu Wakiuru akiwa mbele. Jumamosi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo! Nilimwuliza Mungu kama alikuwa na haja ya kuwapitisha hapo.

Bosko alikuwa kwenye mawe yake katikati ya maji, amekonda, rangi ya samawati bado iko masikioni.

Dubow akaniuliza, "Mama, huyu mbwa ni yako?"

Nikasema ni wa mke wa mwanangu, yuko hospitali.

"Ita yeye basi. Akikuja, mimi sina shida na wewe. Mimi hii kazi sipendi, lakini nimepewa."

Nikaita jina lake. Sauti haikutoka, ilitoka hewa tu. Watu wakacheka. Nikaita tena. Bosko aliinua kichwa, akakilaza. Dubow akapumua kwa nguvu, akaanza kuipandisha bunduki, polepole, kama mtu anayeombea azuiwe.

Khavere, sasa nikuambie jambo ambalo hata Munyoki halijui. Kwetu Mwala tulizaliwa wasichana watupu. Baba hakuwa na mvulana wa kuchunga, kwa hiyo mbuzi wake niliwachunga mimi, tangu nikiwa mdogo mpaka nilipoolewa. Unadhani mbuzi arobaini wanaitwa kwa majina? Nilikuwa napiga mluzi wakanisikia mlima wa pili. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinisikia siku moja tu, akaniketisha chini, na tangu siku hiyo sikupiga tena. Ndiyo maana mluzi wako ulinichoma. Si kwamba sikuujua. Niliujua sana.

Nikatia vidole mdomoni. Nilikuwa nimeogopa kwamba mluzi umekwisha, maana meno mengine yamekwenda. Ukatoka, Khavere. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, kama nilivyokusikia ukipiga kila asubuhi nikijifanya nimelala. Mluzi uligonga ukuta wa kwari ukarudi. Kule juu Wakiuru aliangusha kitabu chake cha nyimbo. Nikamsikia: "Mama Munyoki! Ni wewe?" Sikugeuka.

Bosko aliruka majini kabla mluzi haujaisha. Alikuja moja kwa moja, maji yanapasuka kifuani kwake, akatoka, akajitikisa kwenye gauni langu la kanisa, akaketi mbele yangu. Nilikuwa nimefunga kwenye kitambaa kipande cha nyama nilichomwekea Munyoki. Nikampa.

Watu wakapiga makofi. Kabiru akaja mbio na kamba. "Mfunge, mama! Mfunge sasa!" Na Dubow pia: "Mama, funga yeye, tumalize."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kushinda mluzi. Mkono wangu wenyewe ulikuwa umenyooka kuchukua kamba. Nilikuwa nimemwita kwa siku kumi na nne, na sasa yuko chini ya mkono wangu, na bunduki iko pale. Mtu mwenye akili angefunga. Lakini nikakumbuka ulivyoandika, kwamba ukimwita ili umfunge hatakuja tena. Na mbwa wa kufungwa hapa kwetu hakai, kamba tatu amezikata. Nikimfunga leo, wiki ijayo atakuwa juu ya yale mawe tena, na wiki ijayo hakutakuwa na mluzi utakaomtoa.

Nikasema, "Nenda."

Bosko hakuamini. Nikasema tena, "Nenda, rudi kwa maji yako." Akaruka ndani.

Kabiru alishika kichwa. Dubow alinitazama kama mimi nimerukwa na akili. "Mama, umefanya nini? Umeachilia yeye?"

Nikamwambia, "Wewe umesema asiyemtii mwenyewe. Mara moja si utii, mara moja ni njaa. Ngoja uone."

Nilimwacha Bosko aogelee kadiri ya kusema Baba Yetu, lakini nilikosea maneno njiani, sijui kama ilikuwa nzima. Nikapiga tena. Mfupi, mrefu. Akageuka katikati ya bwawa akaja. Nikampa. Nikamwachilia. Dubow alikuwa ameshateremsha bunduki, mdomo wake umeelekea chini. Nilipomwita mara ya tatu, alicheka huyo askari, akasema, "Mke yangu hawezi kuja hivyo." Nikamwambia labda humpi nyama.

Mara ya nne nikamleta nyumbani bila kamba. Kabiru alibeba kamba yake nyuma yetu mpaka mlangoni. Daktari wa mifugo amemchanja saa sita, na Dubow mwenyewe alishuhudia.

Kesho ni kanisani. Nimetafuta gauni lingine. Sitajificha.

Mama Munyoki

Wodi ya Kifua, Nakuru
3 Mei 1976

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Niliwasomea wodi nzima. Nilipofika pale pa "Nenda" wagonjwa walipiga kelele, "Hapana! Mfunge!" Hata muuguzi alisahau sindano mkononi. Mmoja alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, tukadhani tutampoteza kwa furaha.

Ile siku barua yangu ya tarehe kumi na tisa ilikuwa bado barabarani. Kwa hiyo ulifanya mwenyewe. Nalifikiria hilo kila usiku badala ya bunduki, na nalala.

Wamenipima. Nimeongeza ratili mbili. Daktari aliguna vizuri.

Kanisani ilikuwaje?

Khavere wako

Baba Dogo, Nairobi
20 Mei 1976

Khavere mwanangu,

Barua yako ya Pasaka ilifika siku nne baada ya mambo kwisha. Niliisoma nikiwa peke yangu. Ile habari ya damu na pini ya sketi nimeiweka moyoni, na Munyoki nimemwambia nusu tu, ile nusu ambayo haitamtoa kazini. Kuanzia sasa unaniandikia kweli, hata kama ni mbaya. Mimi nitafanya vivyo hivyo.

Kanisani waliniketisha mbele ya kamati. Wakiuru aliuliza kama ni kweli nilipiga mluzi hadharani. Nikasema ni kweli, mara nne. Akauliza kama najuta. Nikasema najuta ile nyama ya Munyoki. Mama mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na mkutano ukaharibika. Wamenipumzisha kuongoza nyimbo hadi mwezi wa saba. Nimepumzika kweli, hata sauti imerudi.

Kila asubuhi naenda na Bosko kwarini. Ukweli ni kwamba si kila siku anakuja upesi. Jana kulikuwa na bata wa mtu, akasahau dunia, nikapiga hadi midomo ikafa ganzi. Alikuja akiwa amemshika bata mdomoni, mzima, hana hata unyoya uliotoka, akaniwekea miguuni. Nikarudisha bata kwa mwenyewe na maneno mengi. Lakini alikuja.

Dubow hupita akitoka zamu. Husimama, hutazama, huondoka.

Mama

Wodi ya Kifua, Nakuru
16 Agosti 1976

Mama yangu,

Kipimo cha makohozi kimetoka safi. Cha pili pia. Wananitoa Alhamisi tarehe ishirini na sita. Nimeandika hayo mara tatu kwenye karatasi nyingine ili nione kama yatabadilika, hayakubadilika.

Daktari anasema miezi miwili bila kubeba maji, bila moshi wa makaa, kula na kulala tu, na vidonge viendelee. Mama yangu ameniandikia tena. Nimemjibu kwamba nakuja nyumbani kwangu Baba Dogo, kama ulivyosema mwezi wa nne. Jumamosi nitakuwa mlangoni. Usijisumbue kupika.

Uliniambia nikuandikie kweli. Kweli ni kwamba nilitamani kumwona mama yangu, sijamwona tangu arusi. Lakini nimeshaamua, na roho yangu imetulia.

Khavere

Baba Dogo, Nairobi
20 Agosti 1976

Khavere mwanangu,

Munyoki yuko nyumbani, na ndiye aliyenisomea barua yako kwa sauti, miwani yangu imevunjika. Alipofika pale pa makohozi safi alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena. Kisha akasema, "Mama, anakuja Jumamosi." Nikamwuliza, "Anakuja kwa kutaka, ama kwa kuwa nilimwandikia kwamba mke hurudi kwa mumewe?" Akainama, akaanza kukuna kiatu.

Nimekuwa nikiyafikiria haya kule kwarini, kwa sababu mtu akisimama kando ya maji kila siku anafikiria hata asiyotaka. Kukuita ninajua, nimekuita miaka minne na kila mara ulikuja, hata ukiwa umechoka. Kukuachilia ndiko ambako sijawahi kujaribu.

Kwa hiyo usije Jumamosi. Munyoki ameomba ruhusa, atakuwa getini hapo Alhamisi na blanketi. Atakupeleka kwa mama yako Maragoli, akuache huko, arudi kazini. Kaa. Kula. Lala mpaka saa nne kama mtoto. Huku makaa ni ya kila mlango na maji ni ya kubeba, na wewe huwezi kuyatazama bila kuyashika, nakujua. Miezi miwili ikiisha nitakuandikia barua fupi ya kukuita.

Wakiuru amekwisha kusema kwamba mke akienda kwao na mwili wa hospitali harudi. Nimemsikia. Nduta anasema nimefanya vizuri, lakini Nduta hana mtoto wa kiume. Mimi mwenyewe usiku wa jana sikulala sana, na kwa kuwa tumekubaliana kuandikiana kweli, ninaogopa kidogo.

Lakini nenda, mwanangu.

Mama yako,
Mbeti